Mizani ya Mkate

Saa kumi alfajiri, tanuri la dada yangu Deolinda
limeshatema mkupuo wa kwanza,
nami naweka raba moja, ya kushoto,
juu ya mizani ya unga.
Gramu mia moja sabini na nane.
"Haifiki mikate mitatu midogo," asema,
akipangusa pale kisigino kilipogusa,
"na bei yake ingelisha mtaa mzima wa Bonfim."

Naweka na ile ya zamani.
Mia tatu na kumi na mbili.
Ina chumvi ya Foz, ina tope la Machi,
soli yake imelika upande wa nje
kama kifutio cha mtoto akoseaye hesabu ileile.
Nzito, ndiyo. Lakini haijawahi kunidanganya.

Iliyonidanganya ilikuwa nyekundu.
Niliinunua jioni ya kuamkia mbio,
kwa kuwa mshindi wa mwaka uliotangulia alivaa nyekundu.
Kilomita ya kumi na saba, juu ya mawe ya Ribeira,
kitu kikasema *tik*,
sauti ya njiti ya kiberiti, si zaidi.
Nikakimbia nne zilizobaki.
Wasemao mbio za sakafuni huishia ukingoni
hawakuniona nikiufuata ukingo wa Douro
kwa mguu mmoja na ukaidi.

Mimi, ambaye kazi yangu ni kupiga picha mifupa ya watu,
Jumatatu nilijipiga yangu.
Niliusoma ufa kabla daktari hajavaa miwani:
mfupa wa tatu wa unyayo,
mwembamba kama unywele ulioanguka kwenye karatasi.
Nilijaribu kuupuliza.

Safari hii nilikwenda kwa Abílio na soksi zangu za mbio,
jioni, miguu ikiwa imevimba kwa zamu ya saa kumi na mbili.
Alinisimamisha kwa mguu mmoja, akahesabu,
akaniona nikiyumba kwenye tisa, akanyamaza.
Kidole gumba akakiachia nafasi ya ukucha.
Kisha, biashara ni biashara,
akatoa kabatini jozi ya gramu mia na arobaini,
nyepesi kama neno ambalo mtu alitaka kukwambia
akaghairi.
Niliishika muda mrefu.
Nakiri, niliishika muda mrefu mno.
Nikamrudishia.

"Hii nyingine, basi. Zimebaki wiki ngapi?"
Kumi.
"Jumanne tu, dakika ishirini, kwenye nyasi.
Shavu la mguu likinung'unika, vua.
Usibishane nalo."

Deolinda hajui mbio, anajua magunia.
Amechukua penseli sikioni:
hatua elfu ishirini, kila hatua gramu mia na thelathini na nne pungufu,
"Magunia hamsini na matatu ya unga
ambayo hutayabeba!"
Amefurahi kama yeye ndiye aliyetuliwa mzigo.
Sikumwambia nusu ya pili ya hesabu:
kwamba hatua ni deni,
na soli isipolipa
mfupa ndio unaotolewa mahakamani.

Siku yenyewe kulinyesha kidogo.
Kilomita ya kumi na saba, mawe yaleyale, yanang'aa,
nikapunguza mwendo.
Nikapitwa na wengi. Nikapitwa na mwanamume
aliyevaa kama sadini, mapezi yakipigapiga.
Nilihesabu mawe, si sekunde.
Lami iliporudi, nikaachia.

Nilifika duka la mikate nikiwa bado na namba kifuani.
"Umeshinda?"
Nilivua soksi, nikaupandisha mguu juu ya kiti.
Aliutazama kama mkate uliotoka sasa hivi,
akaugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole,
akainamisha sikio
kusikiliza kama umeiva.